Mwajiri Akiongeza Mshahara, Nani Hufaidika?

Kila Mei Mosi inapokaribia, mazungumzo ya mishahara hurudi katika kaunti yetu ya Mombasa. Wafanyakazi hutega sikio kusikia kama kima cha chini cha mshahara kitapandishwa. Waajiri nao, hasa wenye biashara ndogo za Kongowea, Changamwe na Likoni, huanza kupiga hesabu wakijiuliza pesa hizo zitatoka wapi. Kwa wengi jambo hili linaonekana kama mizani: shilingi inayoingia mfukoni mwa mfanyakazi imetoka mfukoni mwa tajiri wake, basi.

Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini kuna hali ambapo mwajiri anayelipa zaidi hubaki na faida kubwa kuliko jirani yake anayelipa kidogo, na hali hizo si chache kama watu wanavyodhani. Makala haya yanaeleza faida hiyo hutoka wapi, ni wakati gani haipatikani, na sheria inasema nini kuhusu kiwango ambacho hakuna mwajiri anayeruhusiwa kushuka chini yake.

Mshahara si sawa na gharama ya kazi

Chukua mfano wa mafundi wawili wa rangi. Wa kwanza anadai shilingi 1,000 kwa siku na chumba kimoja kinamchukua siku mbili. Wa pili anadai 1,500 na anakimaliza kwa siku moja. Ukitazama malipo ya siku, wa kwanza ni nafuu. Ukitazama chumba, wa kwanza amekugharimu 2,000 na wa pili 1,500. Mshahara ni bei ya siku ya mtu. Gharama ya kazi ni bei ya kazi iliyokamilika, pamoja na iliyoharibika na ikabidi irudiwe.

Waajiri wengi huijua bei ya kwanza kwa kichwa kwa sababu wanailipa kila mwisho wa mwezi. Hii ya pili haiandikwi popote. Imejificha katika mikate iliyoungua, mteja aliyejibiwa vibaya akahamia duka la pili, mashine iliyoharibiwa na mgeni wa kazi, na siku ambazo mwenye biashara mwenyewe hukaa dirishani kwa sababu mtu wake hakuja.

Gharama kubwa kupita zote hizo, na isiyohesabiwa na wengi, ni ya watu kuacha kazi. Mfanyakazi akiondoka, mtu hutafutwa, huulizwa maswali, hufundishwa, na kwa majuma kadhaa hulipwa mshahara kamili kwa kazi ambayo bado ni nusu. Anayemfundisha naye huacha ya kwake. Mgeni huyo akizoea kisha akaondoka miezi mitano baadaye kwa sababu ya nyongeza ya shilingi 1,500 kwingineko, mwajiri huanza upya.

Ilivyokuwa Detroit mwaka 1914

Kisa kinachotajwa zaidi katika mjadala huu ni cha kampuni ya magari ya Ford huko Detroit, Marekani. Mwaka 1913 kiwanda chake cha Highland Park kilianza kutumia mkanda unaosogeza gari kutoka kwa mfanyakazi mmoja hadi mwingine. Kazi ikawa rahisi kujifunza lakini ya kuchosha mno: mtu mmoja kukaza parafujo ileile kuanzia asubuhi hadi jioni. Watu waliikimbia. Katika mwaka huo mmoja kampuni iliajiri zaidi ya watu 50,000 ili tu idumishe wafanyakazi wapatao 14,000. Kila siku, karibu mmoja kati ya kumi hakuonekana kazini.

Tarehe 5 Januari 1914 kampuni ilitangaza malipo ya dola 5 kwa siku ya saa 8. Kabla ya hapo malipo yalikuwa kama dola 2.30 hivi kwa siku ya saa 9. Kufikia 1915 wafanyakazi walioacha kazi kwa mwaka hawakufika hata mmoja kati ya watano. Utoro nao ulishuka hadi chini ya watu watatu kwa kila mia. Faida ya kampuni haikuporomoka. Ile ya 1914 ilizidi ya 1913.

Kisa hiki husimuliwa vibaya mara nyingi. Husemwa kwamba Henry Ford aliongeza malipo ili wafanyakazi wake waweze kununua magari yake. Hesabu haikubali. Kampuni ilikuwa ikitengeneza zaidi ya magari 200,000 kwa mwaka, kwa hiyo hata kama kila mfanyakazi angenunua moja, hiyo isingefika gari moja kati ya kumi. Wala haukuwa ukarimu mtupu. Sehemu kubwa ya nyongeza ilitolewa kama mgawo wa faida, tena kwa waliotimiza masharti tu, na kampuni ilituma wakaguzi majumbani kuangalia kama mtu anakunywa pombe au anaweka akiba. Kilicholeta faida ni kwamba watu walibaki, na mkanda haukusimama.

Barani kwetu, uchunguzi uliofanywa Ethiopia na watafiti Christopher Blattman na Stefan Dercon, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha upande wa pili. Walifuatilia watu waliopata kazi katika viwanda vitano ambavyo malipo yake hayakuzidi yale ambayo mtu angepata kwa shughuli zake ndogondogo. Karibu theluthi moja waliacha ndani ya mwezi wa kwanza, na mwaka ulipokwisha zaidi ya robo tatu walikuwa wameondoka. Si kwamba watu hawa hawakutaka kazi. Waliitumia kama mahali pa kujishikiza wakisubiri kitu bora.

Somo la Kilindini

Hatuna haja ya kwenda mbali. Bandari yetu wenyewe ilipitia mjadala huu kwa miaka mingi kabla ya uhuru.

Makuli wa Kilindini walilipwa kwa siku. Mtu alifika langoni asubuhi, akachaguliwa au akarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa kampuni za kupakua mizigo mpango huu ulionekana wa nafuu kuliko yote, kwani siku ambayo meli haikutia nanga hakuna aliyelipwa. Ubaya wake ulionekana meli zilipokuja kwa wingi. Waliokuwa langoni siku hiyo hawakuwa lazima wale wa jana, hakuna aliyekuwa na sababu ya kujifunza kazi kwa undani, na kibarua aliyepata chakula cha siku mbili hakulazimika kurudi siku ya tatu.

Malipo madogo na gharama ya maisha vilizaa migomo. Ulitokea mmoja mwaka 1939, kisha ule mkubwa ulioanza tarehe 13 Januari 1947, ambapo wafanyakazi wapatao 15,000 wa bandari, reli, hoteli na hata wa nyumbani waliweka kazi chini kwa siku 12. Walikutana kila siku katika uwanja ambao wenyewe waliuita Kiwanja cha Maskini. Miongoni mwa viongozi waliojitokeza alikuwa Chege Kibachia wa African Workers Federation, ambaye baadaye mwaka huo serikali ya kikoloni ilimkamata na kumhamishia mbali na pwani. Baada ya mgomo, baraza la usuluhishi lililoongozwa na Jaji Thacker lilitoa nyongeza ya malipo.

Mwaka 1954 kamati ya serikali kuhusu mishahara ya Waafrika, iliyoongozwa na F. W. Carpenter, ilitoa ripoti ambayo bado inafaa kukumbukwa. Iligundua kuwa takriban nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni za watu binafsi, na robo ya walioajiriwa na serikali, walilipwa mshahara usiotosha mahitaji ya afya, ya heshima ya mtu, wala ya kumwezesha kufanya kazi sawasawa. Mishahara ilikuwa imepangwa kwa kumhesabu mfanyakazi kama kapera. Mkewe na watoto walidhaniwa kuishi kwa shamba la mashambani, yaani shamba la familia ndilo lililomlipia mwajiri sehemu ya mshahara. Mtu wa namna hiyo hukaa mjini muda mfupi, hurudi kulima, na haupati ujuzi. Kamati ilipendekeza mshahara wa mtu mzima utoshe mtu na familia yake, hatua kwa hatua, na ilisisitiza kuwa waajiri wangepata kwa kubadilishana wafanyakazi waliotulia na wenye ujuzi.

Ni wazi kwamba serikali ile haikuongozwa na huruma. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa tangu 1952 na migomo ilitisha. Hata hivyo hoja ilikuwa ya kweli, na waajiri wa bandari walianza kuielewa. Katika miaka hiyo ya 1950 vibarua walisajiliwa na idadi ya walioajiriwa kwa mwezi ikaongezwa. Makuli walipogoma tena Machi 1955, Tom Mboya alifika Mombasa kusaidia mazungumzo, na usuluhishi uliwapa nyongeza ya karibu theluthi moja.

Lakini kuna upande wa kisa hiki unaoumiza. Kampuni inayolipa zaidi na kutegemea watu walewale kila siku huhitaji watu wachache zaidi. Waliosajiliwa walipata kazi ya maana. Waliozoea kupata siku mbili tatu kwa wiki langoni wakaona lango limefungwa. Anayesema kwamba mishahara mizuri humfaidi kila mtu kwa wakati mmoja ajibu kwanza swali la hao waliobaki nje.

Piga hesabu yako mwenyewe

Tuseme una kiwanda kidogo cha mikate chenye wafanyakazi 10, kila mmoja akipata shilingi 24,000 kwa mwezi pamoja na marupurupu ya nyumba. Tuseme pia kwamba kwa wastani kila mmoja hukaa miezi sita tu, hivyo kwa mwaka unaajiri watu 20 wapya. Ukijumlisha muda wa kutafuta mtu, siku za mafunzo na unga unaoharibika, kila mgeni anakugharimu 12,000. Hizo ni shilingi 240,000 kwa mwaka ambazo hazimo katika daftari lako la mishahara.

Sasa mpe kila mtu nyongeza ya 2,000 kwa mwezi. Kwa watu 10 na miezi 12, hiyo pia ni 240,000. Michango inayofuata mshahara, kama ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 unaolipwa na mwajiri, itaongeza kidogo juu yake.

Kama nyongeza hiyo itapunguza wanaoondoka kwa nusu, umeokoa 120,000. Nusu ya nyongeza imejilipa, nusu bado. Hiyo iliyobaki ni shilingi 1,000 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, au chini ya shilingi 40 kwa kila siku ya kazi. Swali lako linakuwa dogo na la kujibika: je, mtu aliyekaa miaka miwili jikoni, anayeijua tanuri na anayekuja kwa wakati, anaweza kukuokolea kila siku thamani isiyofika bei ya mkate mmoja? Wengi wenye biashara hii watasema ndiyo. Lakini badilisha tarakimu. Kama watu wako hawaachi kazi hata sasa, au kazi yenyewe hufundishwa kwa asubuhi moja, jibu laweza kuwa hapana.

Anza basi kwa kuandika. Andika kila anayeondoka, tarehe aliyokuja na sababu aliyoitoa. Bila kumbukumbu hiyo, mwajiri anabishana na hisia zake.

Wakati ambapo kulipa zaidi hakuleti faida

Kuna kazi ambazo malipo hufuata kipimo moja kwa moja, kama kuchuma majani chai kwa kilo. Hapo juhudi inaonekana kwenye mizani, na mshahara wa juu wa mwezi haubadilishi mengi. Kuna pia biashara zinazoshindania zabuni, kwa mfano za usafi na ulinzi. Anayetoa zabuni akichagua bei ya chini kila mara, kampuni inayolipa vizuri hukosa kazi kabla haijapata nafasi ya kuonyesha kuwa walinzi wake hawalali. Hoteli za ufuo wa Nyali na Shanzu ziko katikati: mhudumu mzoefu ndiye anayemrudisha mgeni mwaka ujao, lakini kati ya Aprili na Juni vyumba hupungua wageni na pesa hupungua pia.

Wanauchumi Carl Shapiro na Joseph Stiglitz walieleza jambo jingine mwaka 1984. Mfanyakazi anayelipwa kuliko kwingineko hujitahidi kwa sababu ana kitu cha kupoteza akifutwa. Lakini pale ambapo vijana wengi hawana kazi, hofu ya kukaa bure hufanya kazi hiyohiyo, na mwajiri huona hana haja ya kuongeza kitu. Hiyo ndiyo sababu moja inayofanya mishahara isipande yenyewe katika mji kama wetu, hata pale ambapo biashara ingeweza kuimudu. Kwa maoni yetu hofu ni msimamizi hafifu: humleta mtu kazini lakini haimfanyi akuambie kwamba mashine imeanza kutoa mlio usio wa kawaida.

Na nyongeza inayocheleweshwa haina nguvu yoyote. Mfanyakazi aliyeahidiwa 26,000 na kulipwa tarehe 15 ya mwezi unaofuata atakopa kwa riba ili ale, na akili yake itakuwa kwa mwenye deni.

Kiwango ambacho hakijadiliwi

Yote yaliyotangulia yanahusu kulipa zaidi ya kinachotakiwa. Kulipa kinachotakiwa si hiari. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Kwa mujibu wa amri ya mishahara iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024, iliyoongeza viwango kwa asilimia 6, mfanyakazi wa kawaida katika miji mikuu, Mombasa ikiwemo, hapaswi kulipwa chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Kundi hili linajumuisha wafagiaji, watunza bustani, yaya, wafanyakazi wa nyumbani na matarishi. Kiasi hicho ni bila nyumba. Asiyepewa nyumba na mwajiri huongezewa asilimia 15. Kazi zinazohitaji ujuzi zina viwango vyake vya juu zaidi.

Chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007, makubaliano ya kulipwa chini ya kima hicho hayana nguvu hata kama mfanyakazi ametia sahihi. Na chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, au kazi ambayo haikutarajiwa kwisha kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kama mwajiriwa wa mwezi, na anastahili haki zake.

Je, kima cha chini hufukuza watu kazini? Uchunguzi maarufu wa David Card na Alan Krueger ulilinganisha migahawa ya jimbo la New Jersey, ambako kima kilipandishwa Aprili 1992 kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, na ile ya jimbo jirani la Pennsylvania ambako hakikubadilika. Ajira haikupungua New Jersey. Wanauchumi wangali wanabishana kuhusu matokeo hayo, na Kenya ina watu wengi katika jua kali ambako amri haifiki kwa urahisi. Lakini kwa mwajiri anayetii sheria, kima cha chini kina faida moja iliyo dhahiri: kinamzuia mshindani wake asimshinde kwa kuwalipa watu wake kidogo kupita kiasi.

Viwango vya kazi ni jukumu la serikali ya kitaifa, si la kaunti, kwa hiyo malalamiko kuhusu mshahara hupelekwa kwa afisa wa leba wa Wizara ya Leba hapa Mombasa, na kesi husikizwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Unapokwenda, beba kitambulisho, mkataba kama unao, hati za malipo, na ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha ulicholipwa na tarehe. Usiyekuwa na mkataba usikate tamaa: kuandika mkataba ni wajibu wa mwajiri, na asipoutoa, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha masharti mliyokubaliana. Usikawie pia, kwani madai ya mshahara yanapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya miaka mitatu. Mwajiri asiye na hakika na kiwango cha kazi fulani anaweza kuuliza katika ofisi hiyohiyo kabla hajaajiri.